Kitabu Kipi cha Dinosaria kwa Msomaji Yupi?

Vitabu vya dinosaria huuzwa kwa umri. Jaladani huandikwa kwamba kitabu ni cha miaka 4 hadi 8, au cha miaka 9 na kuendelea, na mzazi aliyesimama mbele ya rafu huchukua kile kinacholingana na umri wa mwanawe. Kwa msomaji wa Kiswahili kipimo hicho hupotosha, kwa sababu vitabu vingi vizuri vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na umri uliotajwa ni wa mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo tangu utotoni. Mtoto wa shule ya serikali nchini Tanzania, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, anaweza kufikisha miaka 11 akiwa na maswali mazito kuhusu wanyama hawa, ilhali Kiingereza anachoweza kukisoma peke yake bila kuchoka ni kile kilichoandikiwa wenye miaka 7. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza umri, ni vyema kuuliza ni nani atakayesoma, mtoto mwenyewe au mtu mzima atakayemsomea na kumfasiria, kisha kuuliza kama msomaji anatafuta hadithi au anatafuta maarifa.

Swali jingine ni mwaka wa kuchapishwa, nalo hupuuzwa mno. Elimu ya dinosaria imebadilika sana tangu mwaka 1996, kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, cha dinosaria Sinosauropteryx mwenye alama za manyoya kilipotangazwa nchini China. Njia nyepesi ya kupima kitabu cha maarifa ni kutafuta picha ya Spinosaurus. Akichorwa amesimama wima kama Tyrannosaurus mwenye tanga mgongoni, kitabu ni cha zamani. Akichorwa ana miguu mifupi ya nyuma, kinafuata utafiti wa mwaka 2014. Akiwa na mkia mpana kama kasia, kinafuata ule wa mwaka 2020. Kipimo kingine ni tarehe ya kutoweka kwa dinosaria: vitabu vya zamani husema miaka milioni 65 iliyopita, vya sasa husema milioni 66. Tofauti hiyo haimdhuru mtoto, ila humwonyesha mnunuzi rafu aliyosimama mbele yake imekaa muda gani.

Kwa watoto wanaosomewa

Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 vitabu viwili hutajwa mara kwa mara, na kwetu sisi havina thamani sawa. Cha kwanza ni "How Do Dinosaurs Say Good Night?" cha Jane Yolen, chenye picha za Mark Teague, kilichotoka mwaka 2000. Ndani yake dinosaria wamechukua nafasi ya watoto katika nyumba za binadamu: mnyama anayejaza chumba kizima anaambiwa alale, na mwandishi anauliza kwa vina kama atanuna, kama atabamiza mkia, kama atalia, kisha anajibu kwamba dinosaria mwenye adabu hafanyi hivyo. Teague amechora nyuso za wazazi kwa ustadi mkubwa, na jina la kila mnyama limefichwa mahali fulani ndani ya picha, jambo linalomfanya mtoto arudie kurasa zilezile kulitafuta. Cha pili ni "Dinosaurs, Dinosaurs" cha Byron Barton, cha mwaka 1989, chenye picha za rangi nzito zilizozungushiwa mistari minene myeusi na sentensi fupi zinazowataja wanyama kwa sifa zao, wenye pembe, wenye miiba, wenye shingo ndefu.

Mzazi anayesoma kwa Kiingereza na mtoto anayekielewa watafurahia zaidi kitabu cha Yolen. Lakini uzuri wake umo katika vina, na vina havifasiriki papo hapo mtoto akiwa mapajani. Anayekisoma kwa Kiswahili hubaki na picha na mzaha, mdundo ukiwa umepotea. Cha Barton hakipotezi chochote, kwa kuwa kila sentensi yake huweza kusemwa kwa Kiswahili bila kufikiri mara mbili, na mtoto wa miaka 3 baada ya siku chache atakuwa anaisema yeye. Ikiwa ni lazima kununua kimoja kwa nyumba ya Kiswahili, mimi hushauri Barton, ingawa najua wengi watakaovifungua vyote viwili dukani watavutiwa na Yolen. Ieleweke pia kwamba kitabu cha Yolen si cha sayansi: miongoni mwa "dinosaria" wake yumo Pteranodon, ambaye alikuwa mtambaazi arukaye wa ukoo mwingine. Mtoto hataumia kwa hilo, mradi kitabu cha pili atakachopewa kimsahihishe.

Kitabu hicho cha pili chaweza kuwa "National Geographic Little Kids First Big Book of Dinosaurs" cha Catherine D. Hughes, chenye michoro ya Franco Tempesta, kilichotolewa mwaka 2011. Kina kurasa 128, na wanyama wamepangwa kwa ukubwa, kuanzia wadogo hadi majitu, badala ya kupangwa kwa vipindi vya kijiolojia ambavyo havimwingii mtoto wa miaka 5. Mtu mzima anaweza kusoma aya moja, akafasiri, akajibu maswali na kufunga kitabu bila kuhisi amekatiza hadithi. Ubora wake wa kweli ni kwamba huishi muda mrefu ndani ya nyumba: mtoto husomewa akiwa na miaka 4, hutazama picha peke yake akiwa na miaka 6, na kwa mtoto wetu wa shule ya msingi hurudi tena kuwa kitabu cha mazoezi ya Kiingereza akiwa na miaka 9 au 10. Ukikilinganisha na Barton utaona kuwa bei ni kubwa zaidi, lakini kwa miaka kitakayotumika ndicho cha gharama ndogo.

Kwa wanaoanza kusoma wenyewe

Hapa ushindani ni kati ya "Danny and the Dinosaur" cha Syd Hoff, cha mwaka 1958, na "Dinosaurs Before Dark" cha Mary Pope Osborne, cha mwaka 1992, ambacho ndicho cha kwanza katika mfululizo mrefu wa nyumba ya ajabu iliyo juu ya mti. Cha Hoff kina kurasa 64 na maneno machache: mvulana anakwenda makumbusho, dinosaria mmoja anakubali kutoka kucheza naye, wanazunguka mji, wanafika bustani ya wanyama, wanacheza kibe na watoto wengine, jioni mnyama anarudi mahali pake. Hakuna sayansi yoyote humo, na umri wa kitabu haukipunguzii kitu. Mtoto wa darasa la pili katika shule ya Kiingereza atakimaliza kwa mkao mmoja. Wa shule ya Kiswahili atakiweza akiwa darasa la nne au la tano, bila kuhisi amepewa kitabu cha watoto wachanga, kwa sababu mzaha wake hauna umri.

Osborne anadai zaidi. Jack, mwenye miaka 8, na dada yake Annie, mwenye miaka 7, wanakuta nyumba juu ya mti imejaa vitabu, wanatamani kwenda mahali palipochorwa katika kimojawapo, na wanajikuta katika zama za dinosaria. Ufundi wa hadithi umo katika daftari la Jack: kila anapokutana na mnyama hufungua kitabu alichokuja nacho, husoma sentensi moja au mbili, kisha huandika, hivyo maarifa huingia bila kusimamisha mwendo wa hadithi. Sura ni fupi, kila moja huishia mahali pa hatari, na mtoto aliyekuwa akisukumwa kusoma huanza kuomba taa isizimwe. Kasoro ni za kisayansi. Pteranodon anambeba mtoto mgongoni, jambo lisilowezekana kwa mwili wake, tena anaonekana mahali pamoja na Tyrannosaurus, ilhali visukuku vya Pteranodon ni vya takriban miaka milioni 85 iliyopita na Tyrannosaurus hakutokea hadi kiasi cha milioni 68. Mwalimu anaweza kuifanya kasoro hiyo kuwa zoezi zuri la darasani.

Kwa hiyo anayehitaji kitabu cha kwanza kabisa kusomwa pasipo msaada achukue Hoff. Anayehitaji kitabu kitakachomvuta msomaji kwenye cha pili na cha tatu achukue Osborne. Mwenye kutaka maarifa tu na asiyependa hadithi, na watoto wa aina hiyo ni wengi, asilazimishwe. Abaki na Hughes kwa mwaka mmoja zaidi.

Kati ya miaka 9 na 14

Umri huu ndio wenye vitabu vizuri kuliko umri mwingine wowote, na ndipo wazazi hukosea zaidi kwa kununua picha. "Dinosaurium", kilichotolewa mwaka 2017 kwa michoro ya Chris Wormell na maandishi ya Lily Murray, ni kitabu kikubwa kwa umbo, kilichopangwa kama vyumba vya makumbusho, kila ukoo wa dinosaria ukiwa na chumba chake. Michoro ya Wormell ina sura ya chapa za zamani, na ukurasa mmoja waweza kutundikwa ukutani bila aibu. Maandishi, hata hivyo, ni mafupi na yenye istilahi nyingi, kiasi kwamba mtoto hutazama zaidi ya anavyosoma. Ni zawadi nzuri ya sikukuu. Mtoto mwenye maswali, kwa upande mwingine, atakimaliza haraka na kuuliza kinachofuata.

Kinachofuata, kwa maoni yangu, ni ensaiklopidia ya Thomas R. Holtz Jr. wa Chuo Kikuu cha Maryland, yenye michoro ya Luis V. Rey, iliyotolewa mwaka 2007. Ina kurasa zaidi ya 400 na haimdharau msomaji: kabla ya kumfikisha kwa mnyama yeyote inamweleza jinsi visukuku hutokea, jinsi miamba hupimwa umri, na jinsi wataalamu huchora mti wa ukoo kwa kulinganisha sifa za mifupa. Wataalamu wengine kadhaa wameandika vipande vifupi kuhusu kazi wanayoifanya wenyewe, na mwishoni kuna orodha ndefu ya jenasi zote zilizojulikana wakati huo. Rey huchora wanyama wenye manyoya na rangi kali, wakikimbia kumwelekea msomaji, na wengine huona amezidisha. Mimi naona alikuwa mbele ya wakati wake. Umri wa kitabu ndio udhaifu wake. Spinosaurus wake ni wa kabla ya mwaka 2014, na wanyama wote waliotambuliwa baadaye hawamo. Hata hivyo sura za namna sayansi inavyofanya kazi hazijachakaa, na kijana wa kidato cha kwanza anayejitahidi kwa kamusi atajifunza humo Kiingereza cha sayansi ambacho vitabu vya shule humpa kwa vipande.

Kati ya vitabu hivi viwili kuna kingine kisichofanana na chochote katika orodha hii, nacho ni "The Dinosaurs of Waterhouse Hawkins" cha Barbara Kerley, chenye picha za Brian Selznick, cha mwaka 2001, kilichopata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha vya watoto, mwaka uliofuata. Kwa umbo ni kitabu cha picha na huwekwa rafu ya watoto wadogo. Kwa maudhui ni historia, na mtoto wa miaka 10 hadi 12 hunufaika nacho zaidi. Kinasimulia maisha ya Benjamin Waterhouse Hawkins, mchongaji wa Uingereza aliyetengeneza sanamu za kwanza za dinosaria zenye ukubwa wa kweli kwa ajili ya bustani ya Crystal Palace, kusini mwa London, akishauriana na Richard Owen, mtaalamu ambaye mwaka 1842 ndiye aliyewapa wanyama hawa jina la dinosaria. Usiku wa kuamkia mwaka 1854 Hawkins aliwaandalia wanasayansi karamu ndani ya kalibu ya Iguanodon: meza ilitandikwa tumboni mwa mnyama, wageni wakakaa bega kwa bega, na Owen akapewa nafasi ya heshima kichwani. Selznick ameichora karamu hiyo kwa mwanga wa manjano unaomfanya msomaji aone jinsi wataalamu hao walivyojiamini.

Na walikuwa wamekosea. Iguanodon wa Hawkins ni mzito kama kifaru, ana pembe puani. Mwaka 1878 mifupa mingi iliyokamilika ilipatikana katika mgodi wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, ikaonekana kuwa ile "pembe" ni mwiba wa kidole gumba. Sanamu bado zipo bustanini hadi leo, pembe zikiwa mahali pale pale. Kitabu kinaeleza pia safari ya Hawkins huko New York, ambako sanamu alizokuwa akiandaa kwa ajili ya bustani ya Central Park zilivunjwavunjwa mwaka 1871. Kerley anamlaumu Tweed, mwanasiasa wa New York, kama ilivyoaminika kwa muda mrefu. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Victoria Coules na Michael Benton unaelekeza lawama kwa Henry Hilton, mjumbe wa kamati iliyosimamia bustani. Anayempa mtoto kitabu hiki amweleze hilo, maana historia nayo husahihishwa kama mifupa ya Iguanodon. Ningeambiwa nichague kitabu kimoja tu kwa maktaba ya shule ya msingi, ningekichukua hiki kuliko Dinosaurium, licha ya kwamba kina wanyama wachache sana.

Vijana wa sekondari na watu wazima

Vitabu viwili vya wataalamu wanaofanya kazi hadi leo hugombea nafasi ya kwanza. "The Rise and Fall of the Dinosaurs" cha Steve Brusatte wa Chuo Kikuu cha Edinburgh kilitoka mwaka 2018. "Dinosaurs Rediscovered" cha Michael Benton wa Chuo Kikuu cha Bristol kilitoka mwaka 2019. Brusatte anasimulia kwa mfuatano wa wakati, tangu mababu wadogo wa dinosaria hadi kimondo kilichoanguka miaka milioni 66 iliyopita, na kati ya sura huwaingiza watu: wachimbaji, wakusanyaji, marafiki zake wa China na Poland. Anaanza na kisukuku cha Zhenyuanlong, mnyama mwenye mabawa asiyeweza kuruka, aliyemchunguza pamoja na mtaalamu wa China Lü Junchang. Sentensi zake hazichoshi, na mwanafunzi wa kidato cha tano atakisoma kama riwaya. Wapo wanaosema anajitaja mno. Ni kweli, lakini ndivyo msomaji anavyoiona kazi kutoka ndani.

Benton hapangi kwa wakati bali kwa maswali. Rangi ya dinosaria ilijulikanaje? Kwa kutazama kwa hadubini viini vya rangi vilivyohifadhiwa katika manyoya, ambavyo mwaka 2010 vilimwezesha yeye na wenzake kusema kwamba mkia wa Sinosauropteryx ulikuwa na pingili za hudhurungi nyekundu na nyeupe. Nguvu ya taya hupimwaje? Kwa hesabu zile zile ambazo wahandisi hutumia kupima madaraja. Ni kitabu cha msomaji anayeudhika akiambiwa jambo bila kuonyeshwa ushahidi, kwa hiyo mwalimu wa baiolojia au fizikia atapata mifano mingi zaidi humo. Asiyekuwa na mazoea ya sayansi aanze na Brusatte.

Vingine vitajwe kwa haraka. "The Last Days of the Dinosaurs" cha Riley Black, cha mwaka 2022, kinafuata saa ya kwanza, siku ya kwanza, mwezi, mwaka na hatimaye miaka milioni moja baada ya kimondo, na kinamfaa anayependa masimulizi kuliko orodha ya wanyama. "Dinosaurs: How They Lived and Evolved" cha Darren Naish na Paul Barrett, cha mwaka 2016, ndicho chenye mpangilio wa kitabu cha kiada pasipo ukavu wake. "The Dinosaur Heresies" cha Robert T. Bakker, cha mwaka 1986, kilitetea kwa ukali kwamba dinosaria walikuwa wepesi na wenye damu moto. Leo kisomwe kama kumbukumbu ya ubishi, si kama marejeo. Riwaya ya "Jurassic Park" ya Michael Crichton, ya mwaka 1990, haimo katika ulinganisho huu, ila kijana aliyekuja kwa somo hili kupitia filamu aambiwe mapema kwamba Velociraptor wa kweli alikuwa na ukubwa wa batamzinga.

Anayetaka dinosaria wa Tendaguru

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutafuta kitabu cha ziada. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kilichimbwa na msafara wa Wajerumani kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kwa mikono ya mamia ya vibarua wa Kiafrika. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa mjuzi wa kufukua mifupa kuliko wengi waliotumwa kutoka Berlin. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa Ujerumani, na ndizo zilizotoa Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu, anayesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin, akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Katika vitabu vya jumla nilivyovitaja habari hii hupewa ukurasa au aya.

Kwa mtoto, kipo kitabu cha Kiswahili, "Dinosaria wa Tendaguru" cha Cassian Magori na Charles Saanane, kilichochapishwa Dar es Salaam, na anayekikuta katika maktaba au duka la vitabu vilivyotumika asikiache, kwa kuwa hakihitaji mfasiri na mahali pake panajulikana. Kwa mtu mzima kipo "African Dinosaurs Unearthed" cha Gerhard Maier, cha mwaka 2003, kinachofuata msafara wa Wajerumani na ule wa Waingereza uliofuata kuanzia mwaka 1924, ambao kijana Louis Leakey alishiriki. Ni kitabu kizito, kilichojaa barua, hesabu za mizigo na ugomvi wa fedha. Msomaji wa kawaida atachoka kabla ya nusu. Mwanafunzi wa historia wa chuo kikuu, au yeyote anayefuatilia mjadala wa kurudishwa kwa mifupa hiyo, hawezi kukikwepa.

Maier anaishia kabla ya uvumbuzi mpya wa dinosaria wa kusini magharibi mwa Tanzania: Rukwatitan aliyetangazwa mwaka 2014, Shingopana wa mwaka 2017 na Mnyamawamtuka wa mwaka 2019, wote kutoka bonde la ufa la Rukwa. Kwa kijana aliyemaliza Brusatte na anayetaka kumjua huyo wa mwisho hakuna haja ya kununua chochote, maana makala ya kisayansi iliyomtambulisha ilitolewa katika jarida la PLOS ONE, ambalo husomwa bure mtandaoni, na picha za mifupa yake ya mkia zimo zote.